Hakuna Dereva Nyumbani Kwangu

Baba yangu uliyelala kaburini, juu ya barabara ya Nyakiriba,

Nina hasira na wewe. Ni miaka miwili tangu tulipokuzika na bado ninayo, na watu wananiambia marehemu hakasirikiwi. Sawa, lakini marehemu ni baba yangu na hasira ni yangu, sasa niipeleke kwa nani? Mume wangu ananiona nimeinama mezani na daftari la shule, ananiuliza, "Unamwandikia mutu hana simu?" Nikamwambia ndiyo, na hii barua siifungi, atakayetaka kusoma asome. Kilichonichoma ulikisema mbele za watu. Na mimi nakujibu mbele za watu.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tunasema ndani ya lori. Nyumbani na mama ilikuwa Kinyarwanda, lakini ukishafunga mlango wa gari unarudi kwenye Kiswahili chako cha Karagwe ulikokulia, mpaka nikakua nikidhani kila gari lina lugha yake. Lugha yetu sisi wawili ilikuwa na harufu ya dizeli na viazi vilivyotoka ardhini asubuhi hiyo.

Unakumbuka mama alivyokataa mara ya kwanza? Nilikuwa na miaka kumi na miwili, shule zimefungwa, na wewe ukamwambia njiani unashikwa na usingizi, unahitaji mtu wa kuongea naye. Tukapanda Bugeshi kupakia. Baridi ya kule inauma meno, Baba. Ukanivika koti lako, mikono ikaning'inia mpaka magotini, ukanikabidhi kabari. Kile kipande cha mti ulichokichonga mwenyewe kwa panga, kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine, kina kamba ya kukivutia. Kazi yangu ilikuwa hiyo: gari likisimama mlimani, naruka chini na kukisukuma nyuma ya gurudumu kabla hujamaliza kuvuta breki ya mkono. Ulikuwa unasema gurudumu halina huruma na mtoto wala na askofu. Nilikuwa najivunia lile gogo kuliko daftari zangu zote.

Halafu ukaanza kunifundisha bila kusema unanifundisha. Na huko ndani hukuniita binti. Uliniita kijana.

"Kijana, nimeingiza gia gani?"

Nasikiliza. "Ya tatu."

"Ungekuwa wewe?"

"Ya pili."

"Kwa nini?"

"Mlima bado uko mbele."

Unaingiza ya pili, kana kwamba ulikuwa umeshaamua mwenyewe. Ndivyo ulivyokuwa. Na kila tukifika kileleni, kabla gari halijainamisha pua, unanitazama mpaka niiseme ile sala yetu: mlima unaushuka kwa gia ile uliyopandia. Breki ni ya kusimamia, siyo ya kushukia. Nimeisema mara ngapi? Naijua kuliko Baba Yetu, Mungu anisamehe.

Nikiwa na miaka kumi na minane, shule nimeshaiacha, kwenye ile tambarare ya Bigogwe ulisimamisha lori ukashuka kwenda kujisaidia, na uliporudi ukapanda upande wangu.  Ukaniacha nisogelee usukani ulio mkubwa kama sinia la harusi. Nikaendesha. Na wewe, Baba, ukalala. Mdomo wazi, gari limejaa viazi mpaka juu, wewe unakoroma. Nataka ulikumbuke hilo vizuri, kwa sababu ndiyo kesi yangu yote. Mtu halali mbele ya dereva asiyemwamini.

Lakini tukifika sokoni, miguu yako ikigusa chini, unakuwa mtu mwingine. Wenzako wanakuuliza, "Na huyu?" Unasema, "Huyu binti? Ananiweka macho tu." Wanacheka, na wewe unacheka. Mimi napanga mifuko na kujiambia ni utani wa wanaume, nyumbani anajua.

Kisha ugonjwa ukakuangusha, ukakupooza upande mmoja. Tukakuwekea kitanda kwenye dirisha linalotazama barabara, kwa sababu ulikataa kutazama ukuta. Hapo ndipo ulipoanzisha ule mchezo wa kusikiliza malori yanavyoteremka kuelekea Gisenyi. Unafumba macho, unayasikia tu. Likishuka taratibu, injini inanguruma kwa mbali, unasema, "Huyo ni dereva." Likipita breki zinalia, unatikisa kichwa: "Huyo ni abiria aliyekalia usukani." Kuna moja lilipita kwa kasi ukasema, "Huyo ataingia hospitali bila kuumwa," na mama akakukemea akiwa anacheka, maana hospitali ndiyo inayongoja chini ya mteremko.

Siku ile mwenye lori alikuja na watu wawili. Gari lilikuwa limebaki Bugeshi, limepakiwa, viazi vinaanza kutoa maji. Akakuuliza, "Mzee, katika watu wako, nani anaweza kunishushia ile gari?" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai. Nilisimama wima, Baba. Nilifuta mikono kwenye kitenge, nikangoja uniangalie. Ukaangalia dirishani.

Ukasema, "Hakuna dereva nyumbani kwangu."

Nikamimina chai vizuri kwenye vikombe vyote, hata tone halikuanguka. Wakamtafuta mtu mwingine. Kesho yake tukamsikia akishuka, breki zinalia mlima mzima, na wewe ukasema, "Abiria." Nikacheka pamoja na wewe. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo kuliko maneno yenyewe. Kwamba nilicheka.

Ulipoondoka nilijitafutia permi, leseni ya udereva. Siyo ya gari dogo, ile ya malori. Uwanjani tulikuwa wengi, mwanamke mimi peke yangu, na mtoto wangu Keza mgongoni kwa shangazi yake akinililia. Demaraje, ile ya kusimama mlimani na kuondoka bila kurudi nyuma, wanaume wanne walishindwa mbele yangu. Mimi gari halikurudi hata upana wa kidole. Yule aliyekuwa anatupima akaniuliza, "Nani alikufundisha?" Nikasema baba yangu, nikataja jina lako lote, na la ukoo, ili aandike kama anataka. Mimi nilikutaja, Baba. Wewe hukunitaja.

Permi nikaiweka kwenye bahasha. Kabari nilikuwa nimeiomba kwa mama, leo ndiyo kiti cha Keza, anaikalia akinywa uji. Na mimi nikaendelea kutandika vitanda kwenye nyumba ya wageni kule karibu na ziwa, kwa sababu kila nilipopeleka ile karatasi waliisoma, wakaigeuza, wakaniuliza kama najua kupika.

Mwezi uliopita likaja gari ambalo ungelipenda. Wazee wawili, mume na mke, Wabelgiji, wanazunguka nchi na nyumba yao. Nakuambia nyumba, Baba. Chini ni lori kamili, juu kuna kitanda, jiko, bafu, dirisha lina pazia la maua. Liliijaza bustani yote ya nyumba ya wageni. Yule Madamu aliniomba nimsaidie kupangusa ndani, na nilipomaliza jikoni nikafika kwenye usukani nikashindwa kuondoka. Kulikuwa na kijiti upande wa kulia chini ya usukani. Nikamuuliza mzee, kwa Kifaransa changu cha kutandika vitanda, hiki ni cha nini. Akafurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mjukuu wake. Kinaziba moshi wa injini, akasema, gari linajizuia lenyewe mlimani. Nikamwambia la baba yangu lilikuwa na kitufe chini, cha kukanyaga kwa kisigino. Akanitazama sana.

Kesho yake mzee akateleza kwenye mawe pale kwenye chemchemi ya maji ya moto, akavunjika mkono. Lazima waende Kigali, na gari nani aliendeshe? Nikamwendea bosi. "Bosi, mimi nina permi ya malori."

"Mama Keza," akasema, wala hakuinua macho kwenye simu, "ii gari iko nzito. Haiko mambo ya kupiga pasi."

Akamwita Safari, yule mwenye basi dogo la watalii. Safari akaizunguka ile nyumba akipiga piga magurudumu kwa kiatu, akasema, "Bon, gari ni gari." Madamu akaomba niende nao, nikae nyuma, niwapikie njiani. Nilirudi nyumbani kuchukua nguo, na sijui ni nini kilinishika, nikamwinua Keza kutoka kwenye kabari, nikaitia kwenye mfuko. Alililia kiti chake. Safari alipoona kamba inatokeza akacheka mpaka akakohoa. "Mama Keza, unabebesha wazungu kuni?"

Mpaka Musanze njia ilikuwa nzuri, na juu ya Kivuruga mzee akalala fofofo kiti cha mbele kwa dawa za maumivu. Unaujua mteremko wa Buranga unavyoanza. Lile bonde linafunguka mbele yako, mashamba yamening'inia kama nguo kwenye kamba, na barabara inajikunja huko chini mpaka unaona mkia wake mwenyewe. Madamu akatoa kamera. Mimi nilikuwa nangoja kusikia injini inabadilika sauti. Badala yake ikanyamaza. Safari ametoa gia, Baba. Ameacha nyumba nzima ijiendee yenyewe ili kubana mafuta, anaishikia kwa breki tu.

Nikajiambia nyamaza, wewe ni mpishi. Kona ya kwanza, ya pili. Kisha nikasikia ile harufu, kama nywele zinaungua. Vikombe vikaanza kugongana kabatini. Nikaenda mbele nikishika ukuta.

"Safari, rudisha gia."

"Kaa chini."

"Breki zinaungua. Rudisha gia."

Akakanyaga, na mguu wake ukaenda mpaka chini. Niliuona uso wake ukibadilika. Akaanza kuvuta gia kwa nguvu na gia inakataa, inasaga meno, kwa sababu mwendo umeshazidi. Hapo, Baba, sauti iliyotoka kinywani mwangu haikuwa yangu. Ilikuwa yako.

"Acha kulazimisha. Tazama barabara. Klachi. Achia. Kanyaga mafuta, yafikishe juu. Klachi tena. Sasa, ya nne."

Ikaingia. Gari likatikisika kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Nikanyoosha mkono juu ya mguu wake nikavuta kile kijiti, injini ikaanza kukohoa na kushikilia. "Tena hivyo hivyo. Ya tatu." Ikaingia. "Ya pili." Tukatambaa mpaka pembeni, upande wa mlima, chini ya mikaratusi. Gari halijamaliza kusimama, mimi nimesharuka na kabari. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tena. Nikaisukuma chini ya gurudumu nikasikia mti unalia, ukashika.

Safari akashuka na ndoo ya maji anataka kumwagia magurudumu. Nikamnyang'anya. Chuma cha moto ukikimwagia maji kinapasuka, hata hilo hakuna aliyemfundisha? Tukangoja mpaka breki zikapoa.  Madamu aliyeona yote kutoka mezani akanionyesha usukani kwa kidole. Nikapanda.

Nililishusha kwa gia ya pili. Breki niligusa mara tatu tu, nilihesabu ili nije nikuambie. Tukapita Gakenke, tukapanda upande wa pili, na ile nyumba ilinisikia, Baba. Watoto wa njiani walipunga mikono kisha wakaona ni nani anaendesha, wakasahau kuishusha.

Sasa nikuambie ujinga wangu. Karibu na kuingia mjini Safari akanisogelea, akanong'ona, "Mama Keza, dada yangu, mi niko na watoto watatu. Watu wakijua, nani atanipa tena gari? Niachie hapa tu niingie nayo." Nikaona huruma. Nikasimamisha, nikampa kiti changu. Mzee ndipo anazinduka, anamkuta Safari kwenye usukani kama alivyomwacha.

Tuliporudi Gisenyi habari ilikuwa imetangulia. Bosi alitukusanya asubuhi jikoni akamshika Safari begani. "Huyu mwanaume ametuokoa. Breki zimekufa Buranga, yeye anapigana na mlima, na Mama Keza nyuma anapiga kelele. Si ndiyo, Mama Keza?" Wakacheka wote. Safari akaangalia dirishani.

Akaangalia dirishani, Baba. Nadhani unaijua hiyo namna ya kuangalia.

Na mimi nikamimina chai. Vikombe vyote, hata tone halikuanguka. Ndipo nilipogundua hasira yangu si ya Safari. Safari alinikana mara moja, kwa hofu, na hakuwahi kulala nikiendesha. Wewe ulilala. Ulinipa kila kitu, gia, masikio, kabari, ukaniachia na jambo moja ambalo sikukuomba: kunyamaza vizuri mtu anapochukua kilicho changu. Hilo sitamwachia Keza. Nikamtazama jioni yake akikalia kile kipande cha mti, sasa kina alama nyeusi ya gurudumu, anaipitishia kidole anauliza, "Mama, nani alichora?" Nikashindwa kumjibu mtoto wa miaka minne swali rahisi kama hilo.

Juzi bosi akaniita uani nikianika mashuka. Wale wazee wanarudi na gari lao, breki zimetengenezwa, mkono wa mzee bado, wanataka kuja Gisenyi halafu wafuate ziwa mpaka Karongi. "Utaenda na Safari. Utapika tena."

Nikashusha shuka. "Sitapika. Nitaendesha. Buranga aliyelishusha ni mimi."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Siku ile nilikosea. Leo nasema."

Safari alikuwa pale, na mlinzi, na wasichana wa jikoni. Sikumtukana. Nikamuuliza swali moja tu. "Safari, kile kijiti cha kulia chini ya usukani, kazi yake nini?"

Akafikiri. "Cha kupangusa kioo."

Mlinzi wetu, aliyewahi kukaa kwenye malori ya Goma ujana wake, akapiga paja. "Yebaba we. Donc ulishuka Buranga unapangusa kioo?" Hata bosi alitaka kucheka akajizuia. Akasogea pembeni akampigia Madamu simu, nikamsikia anasema oui, oui, kisha oui tena. Akarudi anajikuna kichwa. "Anasema bila yule mama mwenye kipande cha mti, hatoki Kigali." Akaniangalia kama mtu anayesoma permi kwa mara ya kwanza. "Bon. Nenda. Lakini ukikwaruza hata kidogo, Mama Keza."

"Nikikwaruza utamwita Safari apanguse," nikasema, na wasichana wakaficha nyuso kwenye mashuka.

Safari alinifuata mpaka getini. "Umeniua."

"Hapana. Nimekuondoa kwenye kiti changu tu. Basi lako bado liko pale. Ukitaka nikuonyeshe ile ya klachi mara mbili, njoo Jumapili." Hakuondoka haraka.

Kwa hiyo leo nachukua basi kwenda Kigali, kesho asubuhi nawasha gari la wazee. Mume wangu ataniangalizia mtoto. Tumempa Keza ndoo aikalie, amekubali kwa masharti kwamba kabari nimrudishie.

Nikifika Nyakiriba itakuwa mchana. Sitasimama kwenye kaburi lako, wewe ndiye uliyenikataza kusimama pale ambapo mlima unaanza. Wala sitapiga honi, ulikuwa unasema honi ni ya watu wasio na gia. Lakini utasikia. Utasikia gari zito linakuja kutoka Kanzenze, linapita juu ya bonde, na kabla halijainamisha pua utasikia injini inabadilika sauti. Litashuka taratibu kwa ya pili mpaka Gisenyi, breki hazilii.

Mara hii usiangalie dirishani, Baba. Sikiliza, halafu useme kile ulichokuwa unakisema wakipita watu wengine. Mimi nitakuwa chini huko, sitakusikia. Sema tu hivyo hivyo, wenzako wa hapo makaburini wasikie.

Nakuaga kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye gia.

Ni mimi binti yako, dereva.